Mafiga ya Mama Katika Picha ya Magofu

Niliibandua ile karatasi mchana kweupe, mbele ya wageni, mtoto yuko mgongoni. Sikuichana kama walivyosimulia baadaye. Niliibandua kwa ukucha, taratibu, kuanzia pembe ya chini, kwa sababu gundi ilikuwa ya uji wa muhogo, na gundi hiyo niliipika mimi mwenyewe asubuhi ile, uani nyuma ya ukumbi, pale Korogwe. Nilipomaliza kuipika nikaambiwa nikakae nje na mtoto asije akaleta kelele. Wengine ndio waliobandika. Ndiyo maana sikujua kilichoandikwa mpaka wageni walipokwisha kuingia, nami nikaingia nyuma yao.

Picha zilikuwa zimepangwa ukutani juu ya kitambaa cha kaki. Milima ya Usambara ikionekana kutoka Mombo. Mkonge wa Mazinde, mistari imenyooka kama nywele zilizosukwa. Boma la Wajerumani la Handeni. Pongo anakunywa maji. Halafu, kubwa kuliko zote, kuta za udongo zisizo na paa, majani yamefika kiunoni, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni amesimama penye uwazi wa mlango. Chini yake karatasi iliyopigwa taipu: Magofu ya kale, Handeni. Makao ya watu wa zamani, yaliyohamwa karne nyingi zilizopita. Mwanamke wa siku hizi amesimama mlangoni kuonyesha ukubwa.

Mwanamke wa siku hizi alikuwa mimi. Watu wa zamani walikuwa mama yangu.

Hata hapo sikuigusa karatasi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kukasirika nako kulikuwa kazi. Aliyenimaliza ni mgeni mmoja, mtu mzito, viatu vinang'aa, aliyesimama mbele ya picha mikono nyuma akasema mahali kama hapa hapafai kuachwa hivi hivi, watu wanaingia na kutoka, wanajikatia miti. Pazungushiwe uzio, pawekwe kibao, asiingie mtu. Na mpiga picha wetu, aliyekuwa kando yake, akaitikia kwa kichwa.

Uvumilivu wangu haukukatika kama kamba. Uliisha kama mafuta ya taa kwenye kibatari, utambi ukabaki unajiunguza wenyewe. Nikapita katikati yao, nikaanza na ukucha.

“Hii nyumba ni ya mama yangu,” nikasema. “Mwaka juzi tulikuwa tunalala humo.”

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mchezo uliopangwa kuwafurahisha wageni. Hakupata wa kucheka naye. Mtoto akanyoosha mkono juu ya bega langu, akainyakua ile karatasi iliyokuwa bado na ubichi wa uji, akaitia mdomoni.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya kidato cha nne. Wilaya ilikuwa imeletewa mpiga picha kutoka mjini, azunguke Handeni na Korogwe apige mandhari, wanyama na mahali pa historia, picha hizo zije zionyeshwe. Akataka mtu wa kumwandikia maelezo na kuzungumza na wenyeji. Mimi Kizigua nimekinyonya, Kishambaa nakisikia, na maandishi yangu yanasomeka. Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, akija nyumbani mara moja kwa mwezi na nguo za kufua. Nikasema nitakwenda, lakini nina mtoto anayenyonya. Mpiga picha akasema hakuna shida, ilimradi asilie.

Nilidhani nitaandika. Kalamu nilipewa, tena mpya. Lakini siku ya kwanza tu, kwenye boma, akaniambia, dada hebu kasimame pale penye kona ya ukuta, tuone ukuta una urefu gani. Nikasimama. Akasogea nyuma, akasogea mbele, akainama kwenye kamera yake yenye stendi ya miguu mitatu, akatazama juu. Wingu. Tukangoja wingu lipite. Lilipopita, akaona kivuli changu kimelala vibaya, nikageuka. Likaja wingu jingine. Toka siku ile kazi yangu ikawa kusimama. Penye jabali nilisimama nijulishe ukubwa wa jabali. Penye unyayo wa tembo niliweka mguu wangu pembeni, ndala ikionekana. Kila palipokuwa na kitu kikubwa kuliko mtu, mtu alikuwa mimi.

Dereva akanipa jina: Rula. Alikuwa kijana wa Mazinde, amezaliwa kwenye kambi za wakata mkonge. Babu zake walitoka mbali, na yeye alikuwa hana kabila analolitetea, akiwacheka wote sawa. Akisimamisha Landrova alikuwa anageuka nyuma na kusema, “Haya, Rula, shuka. Kuna mti hapa haujui urefu wake.” Nikimwambia nimechoka, anajibu kwamba rula haichoki, inavunjika tu. Nilikuwa nacheka. Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Sitaki kusema mpiga picha alikuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ingenirahisishia. Alikuwa mpole, hasemi kwa sauti, salamu zake kamili kwa mkubwa na mdogo. Lenzi zake alizifuta kwa kitambaa cheupe kuliko nepi zote za mwanangu. Alikuwa anaweza kukaa kwenye jiwe muda mrefu akingoja mwanga ukae anavyoutaka, wala halalamiki, wala haombi maji. Watu walimsifu kwa subira. Nami nilikuwa najua subira ile ilikuwa imesimamia miguu ya nani.

Pale Mombo, mabasi yanaposimama na wachuuzi kukimbilia madirishani na mahindi ya kuchemsha, alitaka milima iwe wazi, bila ukungu. Milima ya Usambara haipokei amri. Tulikaa pale mpaka wachuuzi wakatuzoea wakaacha kututembezea. Nilifua nepi kwa maji ya kuomba nikazianika kwenye boneti ya gari, kwa kuwa boneti ilikuwa ya moto na nepi zilikuwa zinakauka upesi. Ukungu ulipoachia, akaziona nepi kwenye picha yake, pembeni, akaniomba niziondoe haraka. Nikaziondoa mbichi. Usiku ule mwanangu alilala na kitambaa chenye unyevu, na asubuhi mapaja yamekuwa mekundu. Picha ya milima ni nzuri. Niliiona ukumbini.

Na yule pongo. Huyo nina haki naye kama mwenye kamera. Tulijificha vichakani upande wa Kabuku, mbali na barabara, penye dimbwi ambalo mwenyeji mmoja alituambia wanyama hulijia. Mnyama akisikia sauti haji. Mtoto wa miezi minane hajui habari za pongo. Basi nilimnyonyesha. Alipoachia ziwa na kutaka kusema neno, nikamrudishia. Alipokataa la kulia nikampa la kushoto. Asubuhi nzima nilikuwa kizibo. Nilipokuwa nimebaki mtupu kama mfuko wa chumvi uliokung'utwa, pongo akaja, akanywa, kamera ikalia mara moja, akatoweka. Mpiga picha alinishika mkono kwa furaha. Akasema siku njema huwa hivi. Dereva akaniletea ndizi kimya kimya, siku hiyo hakuniita Rula.

Nayasimulia haya ili ieleweke hali niliyokuwa nayo tulipofika kwetu.

Kwetu ninaposema ni kule kwa zamani, kabla ya kuhamia kijijini. Nyumba zetu zilikuwa zimetawanyika, kila mtu na mikorosho yake nyuma, jirani unamwita kwa sauti. Ulipokuja wito wa kukaa pamoja, lori likaja nalo. Sikatai kwamba kule kipya kuna zahanati, na mwanangu amechanjwa huko. Bomba nalo lilikuja, ingawa maji yalikuja kidogo yakaghairi. Nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara. Mama alihama kama wengine. Waliezua paa, wakang'oa miti iliyo mizima, mlango akauweka kichwani mwenyewe kwa sababu hakuwaamini watu wa lori. Kitu kimoja alikiacha. Alisema mafiga hayapandi lori. Mafiga matatu aliyowekewa na bibi yangu siku alipoolewa yalibaki pale pale, ndani ya kuta zisizo na paa.

Mikorosho nayo haipandi lori. Shamba la pamoja linatosha chakula, mwaka wa mvua. Lakini chumvi, sabuni, kanga, daftari la mdogo wangu wa mwisho, vyote hivyo kwa mama vilikuwa vinatoka kwenye korosho. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye naye ana mama, aliruhusu watu waende kuokota msimu ukifika, mradi jioni wawe wamerudi. Ruhusa ya mdomo. Mama akaishika hiyo kama cheti. Alikuwa anakwenda kwa miguu alfajiri, na dumu la maji kichwani maana kule dimbwi limekufa, anaokota, anakoka moto kwenye mafiga yake, anajipikia, anapumzika kwenye kivuli cha ukuta wake, anarudi.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka kupiga picha ya mlima fulani ambao haukumridhisha. Mpiga picha akaona kuta kutoka barabarani, jua la asubuhi limezipiga kwa ubavu. Akamgonga dereva begani asimame. Nilimwona uso ulivyobadilika. Nilikuwa nimekwisha kuujua uso ule. Ndio uliomjia kwa pongo.

Nikamwambia kabla hajafungua mlango. Nilisema ndugu, hapa ni kwetu, nyumba ile ya kwanza ni ya mama yangu, watu wamehama mwaka juzi. Akasema ndiyo, ndiyo, huku anatoa stendi. Dereva akanitazama kwenye kioo.

Tulipopita majani tukaukuta moshi. Mama alikuwa ndani ya nyumba yake isiyo na paa, amechuchumaa mbele ya mafiga, sufuria ya muhogo inaanza kuchemka. Kapu la korosho za mwisho wa msimu liko kando, mabibo yamerundikwa, nyuki wanayazunguka. Hakushtuka. Alimtazama mtoto kwanza, kisha mimi, kisha kamera.

Mpiga picha akamwamkia vizuri kabisa. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibuni. Viti vimehamia kijijini, kaeni ukutani.”

Dereva alicheka mpaka akashika ukuta. Mpiga picha alitabasamu. Akazunguka, akatazama kupitia mlangoni, akarudi nyuma kwenye majani, akainama, akanyanyuka. Akaja tena, sauti ya chini, ya adabu.

“Samahani, mama. Moshi unaingia kwenye picha.”

“Moshi ndiyo kazi yake, baba.”

“Ukituzimia mara moja tu, tutashukuru.”

Dereva akasema kwamba mama yule kapika, tungoje muhogo uive, mbona milima tunaingoja. Mpiga picha akanyoosha kidole kwenye jua. Mwanga ule ulikuwa unapanda, ukisha kupanda kuta zinakuwa bapa, hazina sura. Alieleza yote hayo kwa upole, kama daktari anavyoeleza sindano.

Mimi nikasema tena, mbele yake, kwa Kiswahili cha darasani ili pasiwe na la kusingizia. “Ndugu, huyu ni mama yangu mzazi. Hii ni nyumba yake.”

“Nimekusikia, dada,” akasema. Na ni kweli alinisikia.

Mama akaepua sufuria. Akatazama dumu lake, akatazama moto. Wapo wanaozima moto kwa kutawanya kuni, lakini ukitawanya moshi unazidi, naye aliambiwa moshi ndio mbaya. Basi akalifungua dumu akamwagia maji. Maji aliyoyabeba kutoka kijijini. Majivu yakatoa sauti, mvuke ukapanda, ukaisha. Kisha akauliza akae wapi asionekane. Akaonyeshwa nyuma ya ukuta wa kushoto. Akaenda na kapu lake akachuchumaa huko, mama yangu, nyuma ya ukuta ambao udongo wake tuliukanyaga kwa miguu yetu na marehemu baba akaukandika.

Nilikataa kusimama. Nilisema sisimami. Ilitoka sauti nyuma ya ukuta, kwa Kizigua, haikuwa na hasira hata chembe, na ndiyo iliyoniumiza: nisimame, mwanangu, wamalize waende zao.

Nikasimama mlangoni. Wingu halikuja siku hiyo. Kamera ikalia.

Muhogo mama aliula nusu mbichi. Maji ya kuuchemshia tena hayakuwapo. Dereva alitoa chupa yake ya chai akampa, akamwita bibi, akakaa ukutani kama alivyokaribishwa. Mpiga picha alishukuru mara nyingi. Njiani alifuta lenzi zake mpaka Segera. Mimi nilikuwa nimeshika daftari la maelezo ambalo nilitakiwa kuandika jina la kila mahali na habari zake, na nikaandika ukweli: nyumba ya mtu fulani, jina la mama yangu, ameihama mwaka juzi, hutumia msimu wa korosho. Nikaandika kwa mwandiko wa kusomeka. Nilipowapa daftari, walilipokea.

Miezi michache baadaye, nje ya ukumbi, baada ya ile karatasi, nilikaa kwenye ngazi za nyuma karibu na chungu cha gundi. Mtoto alikuwa anatafuna. Nilimtoa karatasi mdomoni kwa kidole. Pembe moja ilikuwa imeshakwenda. Mpiga picha akanifuata. Nilitegemea atanigombeza. Alisimama kidogo, halafu akakaa ngazi ya chini yangu, suruali yake nzuri kwenye vumbi.

Akasema nimemvunjia heshima mbele ya watu.

“Siku ile ulinisikia, hukunisikia?”

“Nilikusikia.”

“Na daftari ulilisoma?”

“Nililisoma.” Alikuwa anachora vumbi kwa njiti. “Sasa wewe, dada, ungetaka niandike nini? Nyumba zilizoezuliwa mwaka juzi? Humo ndani? Mbele ya wale wakubwa?”

Niliyaona macho yake, nikajua alikuwa anaogopa, na tena kwamba hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Mimi nami nilikuwa na mume kwenye ajira. Nikasema basi angeiacha picha nyumbani kwake, nani alimlazimisha kuibandika.

Akasema taratibu sana, “Sijapata kupiga picha nzuri kama ile.”

Na hilo lilikuwa kweli. Mwanga umelala ukutani unaona mpaka alama za vidole vya waliokandika. Ndani ya mlango, chini, mafiga matatu yanang'aa kwa maji. Ukiitazama unaona kwamba ni mahali palipopendwa. Ila karatasi imekuambia waliopapenda wamekufa zamani, kwa hiyo unaitikia kwa kichwa, unasema pazungushiwe uzio.

Niliacha kazi siku hiyo, kabla sijaachishwa. Dereva alinipeleka mpaka kijijini kwa mama ingawa haikuwa njia yake. Alisema akiulizwa atajibu kwamba gari liliharibika, na kwamba gari hilo limezoea kuharibika likiambiwa. Njia nzima aliongea na mtoto. Mimi nililala.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi kwenye kibaraza cha nyumba mpya, ule mlango wetu wa zamani nyuma yake, umewekwa kwenye fremu isiyoufaa, unaburuza chini. Nikamsimulia yote. Picha, karatasi, mgeni, uzio. Sikumficha kwamba niliibandua. Sehemu ya watu wa zamani aliirudia mwenyewe kwa sauti ndogo, kama anayeonja mboga. Akasema amezeeka, kweli, lakini hakujua amefika karne. Halafu akaacha utani, akaweka gunzi chini.

“Msimu ujao wa korosho na huo uzio, kipi kitatangulia?”

Nikasema sijui.

“Ndilo la kuuliza hilo. Hayo mengine ni ya kwenu mliosoma.”

Nilikuwa nimekuja na hasira niliyotaka aibebe pamoja nami, yeye akachukua upande mmoja tu, ule wenye korosho. Sikumlaumu. Nilimwambia nitaandika malalamiko rasmi, niyapeleke Korogwe kwa mkono wangu. Akaniambia nisiandike kwa hasira. Niandike kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi, maana jirani huyo utakutana naye tena kesho.

Nilijaribu. Niliandika usiku mtoto amelala, nikachana, nikaandika tena. Kila nilipofika kwenye maji yaliyomwagwa kalamu ilikuwa inachimba karatasi. Mwishowe nikaona chumvi yenyewe haiombwi kwa mtu aliyekuzimia moto, nikaandika kama ilivyokuja, ila kwa adabu.

Karani wa mapokezi wa ofisi ya wilaya aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Aliniambia malalamiko ya mashamba yana faili lake, ya mishahara yana faili lake, ya wanyama waharibifu pia. Ya picha hajapata kuyaona. Akauliza mlalamikaji ni mimi niliyemo pichani au ni mwenye nyumba. Nikamwambia ni wote wawili, na huyu wa mgongoni pia yumo pichani. Akaitazama ile karatasi iliyotafunwa, akaitafutia pini. Akagonga mhuri. Nilimwomba aukandamize vizuri, uonekane.

Nakala ninayo. Majina na anwani nimeyaacha. Mengine ni hivi:

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Maonyesho.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO JUU YA PICHA YA NYUMBA YA MAMA YANGU

Mimi ndiye mwanamke aliyesimama mlangoni katika picha mnayoiita Magofu ya Kale. Naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo.

Kwanza, hayo si magofu ya kale. Ni nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu, na mimi ni mmoja wa waliokanyaga udongo wake. Tuliihama kwa wito wa serikali wa kuishi pamoja kijijini. Wito tuliuitika na hatulalamiki juu ya kuhama.

Pili, mwenye nyumba hakuhama karne nyingi zilizopita. Yu hai na ana meno yake. Wakati picha inapigwa alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukuta wa kushoto, kwa kuwa aliombwa asionekane. Wanakamati wakitazama ndani ya mlango, chini, wataona mafiga matatu yaliyolowa. Maji hayo aliyabeba kichwani kutoka kijijini ili apikie chakula chake, akaombwa ayazimie moto. Niliyaeleza haya kwa maneno siku ile ile na kwa maandishi baadaye, na nilisikiwa.

Tatu, mikorosho inayoonekana nyuma ya kuta ni mali yake na anaiokota kwa ruhusa ya kijiji. Nimesikia ikisemwa ukumbini kwamba mahali hapo pazungushiwe uzio asiingie mtu. Naomba uzio usiwekwe. Ikiwa ni lazima uwekwe, basi uwe na mlango, na mama yangu akipita asiulizwe anakwenda wapi. Naomba kujibiwa hili kabla korosho hazijaanza kuanguka.

Nne, naomba maelezo ya picha yaandikwe upya. Ikiwa ukweli wake hauwezi kubandikwa ukumbini, basi picha ibaki bila maneno yoyote. Kuta zitajisemea.

Naambatanisha karatasi ya maelezo ya kwanza, niliyoibandua mwenyewe bila kuichana. Pembe yake moja imeliwa na mtoto wangu. Kwa hilo peke yake naomba radhi.

Ni mimi niliyesimama ili kuonyesha ukubwa.